Risasi Bila Bunduki

Inspekta Atabo aliomba maiti igeuzwe tena. Mhudumu wa chumba cha maiti alimtazama daktari, daktari akaitikia kwa kichwa, na wawili hao wakamlaza Kuany kifudifudi juu ya meza ya saruji. Atabo alipitisha vidole vyenye glavu kuanzia kisogoni hadi nyayoni. Alitazama kwapani, nyuma ya masikio, hata katikati ya vidole vya miguu.

"Hakuna tundu," alisema.

"Nilikuambia hivyo tangu ulipoingia," alijibu Daktari Losike.

Simu iliingia kituo cha Lodwar asubuhi ya jana. Ilikuwa sauti ya mwanamke, Kiswahili cha kambini, upepo ukivuma kwenye laini. Kuany ameuawa na risasi huku Kakuma, alisema, na yule ameua yuko, njooni mshike yeye. Kisha ikakatika. Ilikuwa Februari 2013, uchaguzi unakaribia, na wakubwa hawakutaka kusikia habari ya bunduki ndani ya kambi ya wakimbizi. Kwa hiyo Atabo, mpelelezi aliyeijua Turkana toka Lokitaung hadi Kapedo, aliondoka Lodwar na Konstebo Lokwawi nyuma ya msafara wa malori, wakiwa na mifuko ya kutilia maganda ya risasi ambayo hadi sasa ilikuwa mitupu.

"Na hili la kisogoni?"

"Amegongwa au amejigonga. Ngozi imepasuka, lakini mfupa ni mzima. Mtu wa kidonda kama hiki namshona na anaenda nyumbani kwa miguu."

"Kwa hiyo hakikumuua."

"Sijaona kilichomfanya afe kwenye hicho kidonda. Niseme hivyo."

Wakamgeuza tena. Losike aliuinua mdomo wa juu wa marehemu kwa kijiti cha kukandamizia ulimi. Kwenye shina la meno, fizi zilikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya majivu yenye ubuluu, kana kwamba mtu aliuchora kwa penseli.

"Umewahi kuona mstari kama huu?" Atabo aliuliza.

"Kwa mtoto mmoja, aliletwa na degedege. Nilidhani ni malaria imepanda kichwani. Kipimo kikakataa."

"Ni sumu?"

"Naishuku. Nimetoa damu, itaenda Nairobi na basi la leo. Mpaka wanijibu, siwezi kuapa mahakamani."

Atabo alivua glavu. Sumu au kipigo, yote mawili yalihitaji mkono wa mtu. Alitoka nje kwenda kuutafuta.

Kuany alikutwa kando ya laga ya Tarach, mahali ambapo maji hupita siku chache kwa mwaka na siku zilizobaki ni mchanga mtupu. Polisi wa Kakuma walikuwa wamepazungushia matawi ya miiba ili mbuzi wasipakanyage. Aliyeukuta mwili, kijana mrefu aliyeitwa Bior, alikuwa akingoja amechuchumaa kwenye kivuli cha mti wa mgunga. Alifanya kazi na marehemu.

"Ejok," Atabo alimsalimu.

"Ejok, madam."

"Ulimkuta vipi?"

"Mimi nakuja kazi asubuhi. Naona yeye amelala. Mimi nasema huyu amelewa, lakini Kuany hakunywa, alikuwa mtu ya kanisa. Nashika yeye, amekauka."

"Alikuwa na adui?"

Bior alichora mchangani kwa kidole. "Adui hapana. Lakini juzi aligombana na bosi. Deeq. Kelele mingi. Kuany alisema hataki kazi tena, Deeq akasema nenda, usirudi."

"Walishikana?"

"Kushikana hapana. Maneno tu."

Atabo aliondoa matawi, akainama. Jiwe moja lilikuwa pale kilipolala kichwa, nusu limezama, na damu iliyokauka upande mmoja. Lilikuwa zito mno kwa mtu mmoja kulirusha, na chini yake mchanga ulikuwa na unyevunyevu wa jiwe ambalo halijainuliwa tangu mvua ya mwisho. Hakuna aliyempiga nalo Kuany. Kuany ndiye aliyelifuata.

Kisha akatazama pale miguu ilipokuwa. Visigino vilikuwa vimechimba mashimo, vikapiga na kupiga pahali palepale hadi udongo mgumu wa chini ukaonekana. Alama za viatu vya tairi zilikuja kutoka upande wa kazini, zikayumba, zikaishia hapo. Alama za Bior zilikuja baadaye, juu ya zile za kwanza. Ukiacha buti za polisi waliouchukua mwili, za mtu wa tatu hazikuwapo.

"Alianguka peke yake," alimwambia Lokwawi. "Akatupa miguu mpaka akafa."

"Basi si mauaji, afande."

"Mtu aliyenyweshwa sumu pia huanguka peke yake. Twende tumwone aliyepiga simu."

Haikuwa vigumu kumpata. Katika mtaa wa Kuany, mwenye simu iliyokuwa na chaji alikuwa mmoja, na huyo alisema aliyeiazima jana ni mke wa marehemu. Nyakim alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba ya matofali ya udongo, kichwa amekinyoa kwa msiba. Wanawake wa kanisa waliokuwa wakiimba pembeni walinyamaza walipoona sare ya Lokwawi. Mapajani mwa Nyakim alikaa binti yake, Abang, mtoto mwenye umri wa kukimbia na kupiga kelele, lakini alikuwa ametulia kama mgonjwa wa siku nyingi.

"Pole, mama," Atabo alisema, akachuchumaa mbele yake. "Wewe ndiye uliyepiga simu?"

"Mimi."

"Ulisema ameuawa na risasi. Ulisikia mlio?"

"Mlio gani?"

"Wa bunduki."

Nyakim alimwangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga na mgeni wa heshima. Alimweka mtoto chini, akaingia ndani, akarudi amekumbatia kitu kwa mikono miwili. Alikitua mbele ya Atabo. Kilikuwa tofali dogo la rangi ya kijivu, zito kuliko ukubwa wake, ubavuni lina mifereji ya mkebe wa mafuta ya kupikia ya mgao.

"Risasi ni hii," alisema. "Ya betri. Kuany anapika hii. Kwanza tumbo inafunga, analia usiku. Halafu mkono inalala." Aliunyoosha mkono wake na kukiacha kiganja kining'inie kutoka kwenye kifundo, kimekufa. "Kikombe hawezi kushika, mimi nanywesha yeye. Halafu anaongea na watu hakuna. Hii iliua yeye. Wewe kamata."

Lokwawi aliutazama mfuko wa maganda ya risasi uliokuwa mkononi mwake, akaukunja akautia mfukoni.

"Nionyeshe meno yako, mama," Atabo alisema taratibu.

Nyakim aliupandisha mdomo. Mstari ulikuwapo, hafifu kuliko wa mumewe.

"Na mtoto?"

"Huyu alikuwa anaongea. Alikuwa anasema maji, anasema baba, anaimba ya kanisa. Sasa amewacha."

Atabo alimwinua Abang mdomo kwa kidole gumba. Mtoto hakupinga, na mstari ulikuwapo.

Uwanja wa Deeq ulizungushiwa mabati yaliyotoboka, hatua chache kutoka laga. Ndani, betri kuukuu zilirundikwa kama kuni: za magari, za minara ya simu, za jenereta. Wanaume wawili walikuwa wakizipasua kwa shoka na kumwaga maji yake makali mchangani. Wengine walichomoa mabamba meusi na kuyatupa kwenye karai lililokuwa juu ya mkaa, na mvukuto wa ngozi ukipuliza chini. Moshi ulikuwa na ladha. Atabo aliuhisi mtamumtamu nyuma ya ulimi, akatema mate. Hakuna aliyevaa glavu. Mmoja alikuwa amejifunga shuka puani.

Deeq alikuwa mtu wa makamo, ndevu zimepakwa hina, sauti ya chini. Aliwaletea viti na kuamuru chai.

"Mama Inspekta, walahi mimi sikumgusa Kuany. Yeye alikuwa mtu mzuri."

"Mligombana juzi."

"Tuligombana. Alitaka kuacha kazi na alitaka nimpeleke hospitali kubwa Lodwar. Nikamwambia ngoja lori ikuje. Akasema hawezi ngoja. Mimi pia nilikuwa na hasira, nikasema basi nenda."

"Ulijua anaumwa."

"Kila mtu hapa anaumwa tumbo. Ndio maana nawapa maziwa ya ngamia asubuhi. Watu wanasema maziwa inatoa hiyo kitu kwa damu."

"Kama ulimpa maziwa ili itoke, basi ulijua inaingia."

Deeq aliinua birika awamiminie wageni, na mkono wake wa kulia ukakataa. Kiganja kililegea, mdomo wa birika ukagonga meza. Alilishika kwa mkono wa kushoto na kumimina hivyo, polepole, bila kumwangalia mtu. Atabo alipokea kikombe. Aliyekuwa mshukiwa wake wa pekee alikuwa akifa kwa kitu kilekile, mbali kidogo tu nyuma ya marehemu.

Aliinuka, akaenda kwenye rundo. Betri tano za mwisho hazikuwa za gari. Zilikuwa ndefu na pana, na kwenye kila moja palikuwa na karatasi yenye picha ya jua la manjano na maneno aliyoyajua vizuri, kwa kuwa yalikuwa pia kwenye ukuta wa zahanati ya kwao Lokitaung: Mradi wa Serikali wa Umeme wa Jua kwa Zahanati.

"Hizi zimefikaje hapa?"

"Zikikufa, kampuni ya Lodwar inaniletea. Lori yao inatoka Nairobi na betri mpya, inashusha Lodwar, inaleta za kufa hapa, inabeba matofali yangu inarudi. Lori haiendi tupu."

"Matofali yanaenda wapi?"

"Kiwandani. Wanatengeneza betri. Ingine itakuja Lodwar tena." Deeq alisema hivyo bila hila, kama mtu anayeeleza njia ya kisimani. "Mama, ukinikamata sawa. Lakini hawa wote wanakula hapa."

Atabo alichukua tofali moja kama kielelezo. Aliamuru moto uzimwe na watu watoke, kisha akamwambia Lokwawi afunge utepe wa polisi mlangoni, kwani mahali alipofanyia kazi marehemu palikuwa sehemu ya uchunguzi. Ndilo jambo pekee aliloweza kufanya bila kumwomba mtu ruhusa. Wanaume walitoka mmojammoja, wakasimama juani wakimwangalia. Bior ndiye aliyekuwa wa mwisho.

"Mpaka lini, madam?"

"Mpaka nikueleze."

Ofisi ya Nuru Kame, kampuni iliyopewa tenda ya mradi ule, ilikuwa Lodwar, upande wa Nawoitorong, nyuma ya ukuta uliopakwa chokaa. Kesho yake Injinia Nabei alimkaribisha humo kwa heshima. Alikuwa mtu safi, mwenye kusikiliza, asiye na haraka.

"Mkataba wenu na serikali unasema nini kuhusu risasi iliyo ndani ya betri?" Atabo aliuliza.

"Unasema vizuri sana. Isiyeyushwe na mtoto, wala na mtu asiye na kinga, wala mahali pasipo na leseni. Wafadhili walisisitiza. Tukatia sahihi kwa moyo mmoja."

"Mnanunua wapi betri?"

"Kiwanda chenye leseni."

"Na kiwanda kinanunua wapi risasi?"

"Hilo ni la kiwanda, madam. Mkataba wangu unaishia mlangoni mwao."

"Naweza kuona stoo yako?"

Nabei alisita kwa muda wa kumeza mate, kisha akachukua funguo. Betri mpya zilipangwa hadi darini, jua la manjano juu ya jua la manjano. Kwenye kona, chini ya turubai, Atabo alikuta alichokuja kukitafuta. Aliliweka tofali la Kakuma kando ya yale ya chini ya turubai. Mifereji ya mkebe wa mafuta ililingana.

"Ya mwenye lori," Nabei alisema. "Huyalaza hapa akingoja safari."

"Kwa hiyo unajua yanatoka wapi, na unajua yanakoenda."

"Najua. Na wewe sasa unajua. Tufanye nini?" Hakusema kwa kejeli. "Yakifika kiwandani yanatiwa kwenye tanuri moja na mengine ya Mombasa, ya Kampala, ya wapi sijui. Risasi ikishayeyushwa mara ya pili haina kabila. Lete mtaalamu yeyote, akaipasue betri hii, aape kuwa Kuany yumo. Hawezi."

Atabo alitambua kuwa hakuwa amelitaja jina la marehemu. "Umelijuaje jina lake?"

"Deeq alinipigia. Analia. Nilituma rambirambi." Nabei alifunika tena turubai. "Nikataze lori lisiende Kakuma, nitakataza leo. Litaenda lori la mtu mwingine. Niambie niache kununua betri hizi, nitaacha, halafu kina mama wa Lokitaung wajifungue gizani kama zamani. Nyumbani ni huko, sivyo? Chagua wewe, mimi nitatia sahihi."

Dada mdogo wa Atabo alikuwa amejifungua Lokitaung mwezi wa Desemba, usiku, kwa uzazi mgumu, chini ya taa zile. Atabo hakulisema hilo. Alimwambia Nabei asiyaondoe matofali, akamwandikisha maelezo, na Nabei akayatia sahihi kila ukurasa bila kubadilisha neno.

Mchana huo alipiga simu. Afisa wa mazingira wa karibu kuliko wote alikuwa Eldoret. Gari lake lilichukuliwa kwa kazi za uchaguzi, angejaribu baada ya kura. Siku mbili baadaye Losike alipiga kutoka Kakuma: Nairobi walijibu. Damu iliharibika njiani kwa joto la basi, walikuwa wanaomba nyingine.

"Wapelekee ya Nyakim na mtoto," Atabo alisema.

"Nimeshatoa. Lakini mtambo wao umekufa, wanangoja kifaa. Na hata jibu likija, dawa ya kuitoa risasi mwilini sina, na sijui mtu aliye nayo huku kwetu."

"Si kuna kitu unachoweza kufanya?"

"Nimemwambia mama amweke mbali na moshi," alisema Losike. "Ndiyo dawa niliyo nayo."

Mkuu wake alimsikiliza hadi mwisho, mikono juu ya faili. Hakuwa mtu mbaya. Alisoma maelezo ya Nabei mara mbili.

"Nani alimpiga Kuany?"

"Hakuna."

"Nani alimnywesha sumu?"

"Hakuna, afande. Alifanya kazi."

"Basi nipe kosa na nipe mtu. Kimoja kati ya hivyo viwili hakina maana bila kingine." Alingoja. "Mkimbizi hana kibali cha kazi, kwa hiyo kwa karatasi hakuwa kazini. Deeq ana leseni ya chuma chakavu. Kampuni ina mkataba. Kila mtu ana karatasi yake isipokuwa marehemu. Andika kifo cha ghafla, ufungue ule uwanja. Nakuhitaji kwenye vituo vya kura."

Atabo aliandika. Alipofika palipoandikwa chanzo cha kifo, aliandika risasi, akaona mwandiko wake, akajua mtu wa Nairobi atakayelisoma neno hilo atauliza bunduki iko wapi. Alilikata. Akaandika maradhi.

Aliporudi Kakuma kuondoa utepe, Kuany alikuwa ameshazikwa. Uwanja wa Deeq ulikuwa kimya. Mkaa ulikuwa majivu, karai halikuwapo, rundo la betri lilikuwa limekwisha kabisa. Hewa ilinukia mchanga na mbuzi tu. Kwa kitambo Atabo alisimama pale na kupumua, na Lokwawi alimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze.

"Wamehama, afande."

"Wamehamia wapi?"

Lokwawi alinyoosha kidole. Juu ya paa za nyumba za wakimbizi, hapa na pale, kwenye nyua ambazo saa hiyo hazikuwa na sababu ya kupika, vilikuwa vikipanda vimoshi vyembamba vya rangi ya samawati.

Nyakim alikuwa nyuma ya nyumba yake. Karai lilikaa juu ya mafiga matatu, na ndani yake risasi iling'aa kama maziwa. Mkebe wa mafuta ulikuwa tayari pembeni. Abang alikuwa amechuchumaa upande wa pili, anapepea moto kwa kipande cha boksi, uso umo ndani ya moshi.

"Mama," Atabo alisema. "Daktari alikuambia nini?"

"Alisema mbali na moshi." Nyakim hakuacha kukoroga. "Kule ilikuwa mbali. Wewe umefunga kule. Deeq amegawia kila mtu betri, sasa tunapika nyumbani."

"Nimekuja kufungua."

"Deeq hawezi kurudi. Mkono yote imelala, wameweka yeye kitandani. Nani atachunga kule?" Aliinua macho. "Wewe ulikamata nani?"

Atabo aliupima umbali wa karai kwa mguu wake. Teke moja lingelimwaga, na ile risasi ya moto ingekwenda moja kwa moja kwenye miguu ya mtoto.

"Zima, mama. Nakuomba."

"Chakula ya kadi inaisha kabla ya mwezi. Nikizima, kesho huyu anakula nini? Wewe sema, mimi nazima."

Nyakim alimtazama, mwiko mkononi. Kisha akarudi kukoroga.

Atabo alizunguka mafiga, akakichukua kile kipande cha boksi kutoka mkononi mwa Abang, akamwinua. Mtoto alikuwa mwepesi. Alimbeba hadi upande ambao moshi hauelekei, akakaa naye mchangani mgongo ukiegemea ukuta, akingoja risasi ile ya karaini imalizwe kupikwa. Lokwawi alisimama hapo karibu, hajui aangalie wapi.

Upepo ukageuka, kama unavyofanya Kakuma kila alasiri, ukaleta moshi usoni mwao. Atabo alinyanyuka na mtoto, wakahamia upande wa pili. Haikuchukua muda, upepo ukawafuata.